Misumari Miwili

Kiingilio elfu moja. Mwanafunzi mia tano.
Bwana Sizya muuza nyama halipi,
maana ule mlango wa samawati, chumba cha kwanza,
ulikuwa wa bucha yake.
Huja Jumamosi na aproni yake na harufu ya mfupa mbichi,
husimama mbele ya ng'ombe aliyechorwa akicheka
(ng'ombe pekee Tabora nzima aliyefurahia kisu),
kisha huusukuma kidogo, kwa mazoea,
na mlango, kwa mazoea, hulia.
"Mimi walinipa wa bati," husema, akaenda zake.

Hii ndiyo nyumba ya kazi za Fundi Mihambo, Isevya.
Vyumba vitatu, zamani ghala la tumbaku;
mvua ikinyesha, kuta hukohoa.
Hamna humu mkono wa mtu mwingine.
Hata mlango wa choo kauandika yeye: VUTA,
na chini, kwa herufi ndogo:
polepole ndugu, siendi popote.

Alichora alichoombwa.
Vichwa saba vya kinyozi, mitindo saba,
uso mmoja, wa shemeji yake aliyemdai.
Ubao wa hoteli: UGALI, MLENDA, NSANSA,
bei zimefutwa mara tano;
kila shilingi ilipoanguka
yeye alipanda ngazi na brashi.
Na pembeni kwa kila kazi, badala ya sahihi, nyuki:
mabawa mawili, mistari mitatu.
Watoto huja kuwahesabu. Wamefika mia na kumi na wanne.
Yupo mmoja darini. Siwaambii.

Wageni wakubwa hupenda chumba cha tatu.
Hapo palikuwa na ubao wa mninga,
urefu wake haufiki mkono,
na herufi nne nyeusi: KALU
kisha mbao tupu. Nyuki hapana.
Kadi ililetwa kutoka mkoani, imepigwa chapa:
Kazi isiyokamilika. Rangi ya mafuta juu ya mninga.
Mtaalamu mmoja aliukalia mbele dakika arobaini.
"Huu," akaniambia, "ni ukimya wa msanii."
Ndiyo, mzee, nikasema.
Nalipwa kusema ndiyo.

Mwezi wa tatu alikuja mama kutoka Usoke,
kwa treni ya usiku, viatu mkononi.
Ng'ombe hakumtazama. Vinyozi hakuwatazama.
Alipita kama mtu anayejua kitanda kiko wapi gizani,
akasimama pale,
akasoma kwa kidole bila kugusa: Ka. Lu.
Akamalizia mwenyewe,
kwa ile sauti ya kumwita mtoto aje kuoga:
nde.

"Nilitoa nusu," akasema. "Nusu ningeleta nikiuza karanga.
Niliporudi nikakuta turubai,
msiba wa fundi mwenyewe."
Akafungua pindo la kanga. Elfu sita,
zimekunjwa hadi zimekuwa nguo.

Nilipiga hesabu, ndiyo kazi yangu.
Nusu ya fedha; jina la herufi saba; zimeandikwa nne.
Fundi alikuwa ameshamzidishia nusu herufi.

Kwenye daftari la mali ubao ule ni namba sitini na moja,
na kila ukurasa una muhuri.
Nikaenda kutafuta koleo.

Nikaufunga kwa gazeti, nikafunga tena kwa kamba ya katani.
"Herufi zilizobaki?"
"Nitaweka kwa mkaa. Mvua ikifuta, narudia."
"Na nyuki?"
Akanitazama kama mtu wa mjini.
"Nyuki kule wapo."

Elfu sita zake nilizitia kwenye sanduku la kiingilio.
Kwa mujibu wa hesabu, siku ile waliingia watu sita.

Misumari nimeiacha. Kadi nimeiacha.
Jana kaja mgeni, miwani shingoni,
akasoma: kazi isiyokamilika,
akaitazama misumari miwili,
akarudi nyuma hatua mbili, akavua kofia.
"Hii," akasema, "inazipita zote."
Ndiyo, mzee, nikasema.
Safari hii bila malipo.